Bega la mama na bega la papa: operasyo ni moja, njia ni mbili



Tangu Februari 2025, wakati serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje, na kisha Oktoba ya mwaka ule wakati ilianzisha kipimo cha tani kwa kila kampuni, mu kila biro na mu kila nganda kunasemwa paka bei. Tani ngapi zitatoka? Dola ngapi zitaingia? Ni haki kuuliza, juu mushahara wetu unatoka mule. Lakini kuko hesabu ingine yenye hatuione mu gazeti: ni mabega ngapi yamekatika kwa kutoa zile tani.

Sisi ba sendika, tunapokea batu benye wanakuja na mukono umoja umelala. Mwanaume anasema: «Nilianguka ku kazi.» Mwanamuke anasema: «Inaniuma tangu zamani.» Maneno haya mawili yanaonekana madogo. Lakini ni yenyewe yanaamua kama mutu atatunzwa, kama atalipwa, na kama atabakia na kazi yake kisha kupasuliwa. Ndiyo maana leo tunataka kusema juu ya bega, na juu ya tofauti ya banaume na banamuke wakati wanapelekwa ku operasyo ya bega. Tunasema hivi mbele: tofauti iko, lakini haiko fasi kule batu wanafikiri.

Kofia yenye kushika mukono

Bega halishikwe na mufupa peke yake. Kuko mishipa ine migumu sawa kamba, yenye kutoka ku nyama za mufupa mupana wa mugongo na kufunika kichwa cha mufupa wa mukono sawa kofia. Ni juu ya ile ku karatasi ya munganga munasoma «coiffe des rotateurs». Ile kofia ndiyo inainua mukono, inauzungusha, na inashika kichwa cha mufupa mu fasi yake. Wakati mushipa umoja umekatika, mutu anaweza bado kushika kijiko, lakini hawezi kuweka muzigo ku kichwa, hawezi kuchana nywele, na usiku hawezi kulalia upande ule.

Ile kofia inakatika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya gafula. Mutu anaanguka na mukono mbele, ao anataka kushika kintu kizito chenye kuponyoka, na anasikia bega limelia. Njia ya pili ni ya polepole. Mukono unainuka, unashuka, unainuka tena, miaka kumi, miaka kumi na tano, mpaka kamba inaanza kutoka nyuzi, na siku moja inaachana. Miaka ya kuzaliwa inaongeza hatari. Tumbako inaongeza. Ugonjwa wa sukari unaongeza. Muzigo muzito, mashini yenye kutetemesha mwili, na kazi ya mikono juu ya kichwa vinaongeza zaidi.

Sasa tuangalie nani anafanya kazi gani kwetu. Mwanaume anapiga perforatrisi. Mu mugodi wa chini ya udongo, sawa Kipushi, anaingiza bolo mu dari ya jiwe, mikono juu ya kichwa. Makanika analala chini ya kamyo na anafungua vis juu ya uso wake. Mukrezere anabeba mufuko ku bega kutoka mu shimo mpaka ku depo.

Mwanamuke anasukula mawe mu maji, anatikisa chujio, anachagula, anabeba. Kule Kamituga, mu Sud-Kivu, bamama benye kutwanga mawe ya zahabu wako na jina lao: ba twangeze. Jina linatoka ku kutwanga, na kutwanga ni bega. Mu kampuni kubwa, mwanamuke anaendesha mashini, lakini wengi wako mu sous-traitance: wanasafisha manyumba, wanapika mu kantini, wanasukula manguo ya kazi. Kisha kazi, nyumba inamungojea: bidon ya maji, nguo za batoto, na mwiko wa bukari. Mutu mwenye anafikiri bukari si kazi ya bega, ashike mwiko akorogee batu munane, kisha tutasema.

Muone tofauti ya kwanza. Mara mingi kazi ya mwanaume inavunja bega mu siku moja, mbele ya bashahidi. Mara mingi kazi ya mwanamuke inalikula polepole, bila siku na bila saa. Na karatasi za kazi zinapenda sana siku na saa.

Kile baminganga waliona

Baminganga ba Amerika, ba Kanada, ba Ulaya na ba Azia walilinganisha banaume na banamuke benye walipasuliwa mishipa ya bega. Namna yao ni ya kueleweka. Mbele ya operasyo wanamuuliza mugonjwa maumivu ni kiasi gani, na wanapima mukono unainuka mpaka wapi na uko na nguvu gani. Wanarudilia ile kipimo kisha miezi kazaa, na kisha mwaka. Si masomo yote yanakubaliana kwa kila kintu, lakini mambo tatu yanarudia mara na mara.

Jambo la kwanza: banamuke wanafika ku operasyo na maumivu mengi kupita banaume, na mukono wao unafanya kazi kidogo kupita. Inakuwa hivyo hata wakati mupasuko wa mushipa wao si mukubwa kupita ule wa banaume.

Jambo la pili: mu majuma na miezi ya kwanza kisha operasyo, banamuke wanasema tena maumivu mengi kupita. Tena ugonjwa wa bega kukauka, mukono ukakataa kugeuka, unashika sana banamuke ba miaka kati ya 40 na 60, na batu benye ugonjwa wa sukari.

Jambo la tatu, na hili ndilo tunaomba muliweke mu kichwa: kisha mwaka, ile tofauti inapunguka sana. Mwanamuke na mwanaume wote wanapata nafuu, na nafuu ya mwanamuke haiko ya chini. Kama munapima nguvu kwa kilo, mwanaume anabakia mbele, juu hata mbele ya kuumia nyama ya mukono wake ilikuwa kubwa. Lakini kama kila mutu analinganishwa na vile alikuwa mbele ya operasyo, wote wanapanda. Na kama mushipa utashikana tena na mufupa ao hapana, ile inaamuliwa zaidi na ukubwa wa mupasuko, na miaka ya mutu, na namna nyama yenyewe iko. Haiamuliwe na kuwa mwanamuke ao mwanaume.

Basi, kisu na uzi wanatendea wote sawa. Tofauti iko njiani, mbele ya kisu na kisha kisu.

Juu ya nini njia haiko moja

Kuko batu benye haraka. Wakisoma ile habari watasema: «Munaona? Banamuke bako bazaifu, basiitwe ku mugodi.» Tunajua yale maneno yatasemwa, juu yanasemwa tayari bila kusoma kintu. Lakini kama mutu mwenye alifika na hali mubaya kupita anatoka na nafuu sawa na wengine, yule si muzaifu. Yule alicheleweshwa.

Tuko na sababu ine za kufikiria.

Sababu ya kwanza ni kuchelewa. Mama mwenye bega linauma hasimami. Anabadilisha mukono, anafunga kitambaa, anameza dawa ya duka, anaendelea. Kama feza ya lopitalo ni ya mutu mumoja mu nyumba, mara mingi inatumiwa kwanza kwa papa juu ni yeye analeta mushahara, kisha kwa mutoto. Mama anafika mwisho. Na mushipa wenye umekatika haungoje. Nyama yake inakauka, inaingia mafuta, na kisha mwaka ao miaka mbili munganga hawezi tena kuivuta mpaka ku mufupa.

Sababu ya pili ni kipimo cha kazi. Mufuko wa kilo 50 hauulize nani anaubeba. Kwa mutu wa nyama kubwa, ule muzigo ni sehemu ya nguvu yake. Kwa mutu wa nyama kidogo, ni karibu nguvu yake yote. Meza, mashini, vyombo, vilipimwa mara mingi kwa urefu wa mwanaume. Kama meza iko juu, mwanamuke mufupi anafanya kazi siku yote na kiko kimeinuka, na ni bega linalipa.

Sababu ya tatu ni nyumba. Munganga akimwambia mwanaume apumuzike, kuko mara mingi mutu wa kumuletea maji ya kuoga na sahani ya chakula. Akimwambia mwanamuke apumuzike, nani anakoroga bukari? Nani anabeba mutoto mugongoni? Bega la kupasuliwa haliwezi kujua kama ile ni kazi ya kampuni ao kazi ya mapendo. Muzigo ni muzigo.

Sababu ya ine ni masikio. Mwanaume wa mugodi alifundishwa tangu kijana kujibu «iko muzuri tu». Mwanamuke anasema vile anasikia. Kisha wale benye kusikiliza wanaandika kwa mwanaume «anavumilia», na kwa mwanamuke «analalamika». Maumivu ni ileile, lakini karatasi ni mbili.

Hatari mbili kisha operasyo

Kutoka pale tunaona hatari mbili, na haziko sawa.

Hatari ya mwanamuke ni kutosadikiwa. Kisha juma la sita bado analia usiku. Mu nyumba wanasema operasyo haikukamata, ku kazi wanasema anajifanya. Anaacha mazoezi juu yanauma, bega linakauka, na sasa iko shida mupya juu ya ile ya zamani. Dawa ya ile si makali. Dawa ni kumwambia mbele: miezi ya kwanza itakuwa mugumu, inaweza kukuwia mugumu kupita jirani yako mwanaume, na haimaanishe umeshindwa. Endelea na mazoezi, uombe dawa ya maumivu, urudi ku kontrole.

Hatari ya mwanaume ni kusadikiwa mbio. Kisha juma la sita hana tena maumivu mengi. Anavua kitambaa, anasema niko muzuri, shefu anafurahi, na anarudia kubeba. Lakini maumivu kuisha si mushipa kushikana. Mushipa unashikana na mufupa polepole sana, na uzi wa munganga ndio unaushika wakati ule. Ukivuta mbele ya wakati, inakatika tena, na mara ya pili kazi ya munganga inakuwa mugumu zaidi.

Kwa hiyo wote wafuate kalenda, hapana namna wanasikia. Kwa kawaida kalenda iko hivi, hata kama kila munganga ataigeuza kufuatana na mupasuko. Mu majuma 4 mpaka 6 ya kwanza mukono unafungwa ku kifua na kitambaa, na ni kinezi ao mukono ule mwingine ndio unauinua. Kisha, mpaka mwezi wa 3, mukono unaanza kujiinua wenyewe, bila muzigo. Kutoka mwezi wa 3 mutu anaanza kurudisha nguvu. Kazi ya biro inaweza kurudi mapema. Lakini kazi ya perforatrisi, ya mufuko, ya kutwanga, inaomba miezi 4 mpaka 6, na kwa mupasuko mukubwa zaidi ya pale.

Miezi 6. Mushike ile hesabu, juu tunaingia sasa mu sheria.

Miezi sita yenye inaweza kukula kazi

Kodi ya kazi ya Kongo, ni sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yenye iligeuzwa mu 2016. Inasema kwamba ugonjwa na ajali vinasimamisha kontra, haviivunje. Wakati wa kusimama, mufanyakazi anaendelea kupata theluthi mbili ya mushahara wake. Lakini kama ule ugonjwa ao ile ajali haikutoka ku kazi, kisha miezi 6 ya mufululizo mwajiri ana ruhusa ya kumaliza kontra. Kama ni ajali ya kazi ao ugonjwa wa kazi, ule mulango haufunguke.

Mulinganishe ile na kalenda ya munganga. Mwanaume mwenye alianguka ku kazi, bashahidi wakaandika, ajali ikatangazwa, iko na ukuta mugongoni. Mwanamuke wa kantini mwenye bega lake lilikulwa miaka kumi na masafuria, karatasi yake inaandikwa «ugonjwa wa kawaida», na saa ya miezi 6 inaanza kupiga siku ya kwanza ya kulazwa. Operasyo ni ileile. Kitambaa ni kilekile. Mumoja atarudi ku kazi, mwingine atarudi na kukuta jina lingine mu fasi yake. Na makanika mwenye bega lake lilikwisha polepole bila kuanguka, yeye pia ni mu ile mutego. Ndiyo maana tunasema jambo hili si la bamama peke yao.

Ku CNSS ni namna moja. Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 iliweka tawi la hatari za kazi: matunzo, malipo ya siku zenye mutu hafanye kazi, na malipo ya kilema kama mukono haurudi. Feza ya lile tawi inalipwa na mwajiri peke yake, hakuna hata franka moja inakatwa ku mushahara wetu. Lakini ule mulango unafunguka tu kama bega limeandikwa kuwa la kazi.

Inje, nini inafanyika? Listi ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi la Dunia, yenye ilitengenezwa upya mu 2010, inataja magonjwa ya mishipa ya mukono, ya kiko, na ya goti. Bega halitajwe kwa jina, lakini kuko musitari wenye kusema kwamba ugonjwa mwingine wa mishipa na mifupa unakubaliwa kama uhusiano na kazi unaonekana. Mulango uko, lakini ni mutu mwenyewe anapashwa kuusukuma.

Ufaransa ilienda mbele kidogo. Mu tablo yao nambari 57, mushipa wa bega wenye umekatika unakubaliwa kuwa ugonjwa wa kazi kama mutu alifanya kazi, mukono bila kuegemea, umeinuka kwa digri 60 ao zaidi mu saa 2 kwa siku, ao digri 90 mu saa 1 kwa siku, kwa muda wa mwaka. Muone uzuri wake: haiulize kilo, haiulize kama ulianguka, haiulize kama uko mwanaume ao mwanamuke. Inahesabia mukono ulikuwa juu saa ngapi. Kwa ile kipimo, mwenye kusafisha manyumba, mwenye kupika, mwenye kutwanga na mwenye kupiga bolo wanasimama ku musitari umoja.

Ile ndiyo tunaiona kuwa njia ya kufuata kwetu. Kama tunapima bega kwa anguko, tunatetea banaume na tunaacha bamama. Kama tunalipima kwa kilo tu, mwajiri atasema banamuke wasibebe, na kisha wasiajiriwe. Ni kweli mapendekezo ya Shirika la Kazi la Dunia ya 1967 yaliweka kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanaume mukubwa, na kuomba kipimo cha chini zaidi kwa mwanamuke. Sisi tunasema hata kilo 55 ni nyingi kwa mutu yeyote mwenye anaibeba mara makumi kwa siku. Mufuko ufanywe mudogo kwa wote. Kama tunapima bega kwa saa za mukono juu, hakuna mutu anabakia inje.

Na wale habana kontra? Ba twangeze, basukulaji, babebaji ba mifuko? Sheria ya kontra haibafunike. Kwao koperative ndiyo inapashwa kusimama. Koperative yenye inakata kitu ku kila mufuko inaweza kuweka pembeni sehemu kidogo kwa sanduku la matunzo, na inaweza kuandika mu daftari nani aliumia, siku gani, kazi gani. Ile daftari ni bei ya kalamu moja.

Kile tunaomba kila mutu afanye

Kwanza, bibi wa mufanyakazi ajue haki yake. Kodi ya kazi inaomba mwajiri atunze mufanyakazi na jamaa yake, pamoja na kupasuliwa na kulazwa. Bega la mama wa nyumba liko ndani. Haliwezi kutumia tawi la hatari za kazi, lakini haliwezi kubakia bila munganga. Papa, usiseme «tutaenda mwezi kesho». Kama bega lilikatika kwa kuanguka na mukono haupandi, ni majuma yanahesabiwa, si miaka.

Pili, msikimbilie kisu. Mabega mengi yenye kuuma, na mishipa mingi yenye ilipunguka polepole, yanapata nafuu kwa mazoezi ya kinezi ya miezi kazaa na kwa kubadilisha kazi. Operasyo ni kwa mupasuko wa gafula, ao kwa ule wenye mazoezi yalishindwa. Ekografi inaweza kuonyesha mushipa wenye umekatika wote, na bei yake ni ya chini kuliko IRM. Na mutu asivutwe mukono kwa nguvu na jirani mwenye kusema anajua kurudisha mifupa.

Tatu, bega liandikwe. Siku unasikia limelia, ambia shefu na badelege siku ileile, mbele ya shahidi. Kama hakuna siku, tunaandika kazi: miaka ngapi, mukono juu saa ngapi kwa siku, muzigo kilo ngapi, mashini gani. Pelekea munganga ile karatasi, umwombe aandike kama anaona uhusiano na kazi. Bamama, musiseme tu «inaniuma tangu zamani». Museme tangu mwaka gani, ku kazi gani.

Ine, badelege. Mu mazungumzo ya konvansio ya kampuni, tuombe vitu vitatu juu ya bega: kazi nyepesi kwa mutu mwenye alipasuliwa, bila kupunguza daraja yake, kinezi alipwe mpaka mwisho wa kalenda, si mpaka siku nyuzi zinatolewa ku ngozi, na kampuni za sous-traitance zifunikwe na maneno yaleyale. Na mu ekipe ya badelege tuweke bamama. Mwanaume anaweza kutetea bega la mama, lakini hatafikiria mwiko wa bukari kama hakuna mutu wa kumukumbusha.

Tano, nyumba. Majuma sita ya kitambaa ni majuma sita kwa mama sawasawa kwa papa. Batoto wakubwa wachote maji. Papa ashike mwiko. Kuko wenye watacheka mu avenue, waache wacheke. Operasyo ni feza mingi, na kuipoteza ku bidon ya litre 20 ni kuitupa mu mutoni.

Mwezi wenye unakuja, kila delege atengeneze listi ya benye mabega ya kuuma mu ekipe yake, banaume ku upande moja na banamuke ku upande mwingine, na pembeni ya kila jina aandike kazi na miaka. Muipeleke ku biro ya sendika. Wakati tutaketi na bakubwa ba kampuni kuzungumuzia tani na kipimo, tutaweka ile listi pia ku meza.